Ukubwa wa ndege si upana wa kiti

Mtu anayepeleka familia Ulaya au Marekani akifika kwa wakala wa tiketi, swali lake la kwanza ni bei. La pili ni kilo za mzigo. Akibaki na pumzi, na wakala akiwa mvumilivu, huuliza: "Na ndege yenyewe ni kubwa?" Wakala hujibu kwamba ni kubwa, kwa kuwa ni kweli, na mambo huishia hapo. Ni wachache wanaouliza viti vimepangwa vingapi kwa mstari, ingawa hilo ndilo litakaloamua kama mama mwenye mtoto wa miezi kumi na minne mapajani atakula chakula chake au atamtazama mwenzake akila.

Tuanze na hesabu ya kugawanya. Airbus A330, ambayo RwandAir na Uganda Airlines wanairusha, ina upana wa ndani wa mita 5.28. Boeing 787, yaani Dreamliner ya Air Tanzania na Kenya Airways, ina mita 5.49. Airbus A350 ina mita 5.61. Boeing 777, ambayo abiria wengi wa Dar es Salaam na Nairobi wameizoea kupitia Emirates, ina mita 5.86. Kwa tarakimu hizo 777 ndiyo bwana mkubwa. Sasa gawanya kila upana kwa idadi ya watu wanaokaa mstari mmoja katika daraja la kawaida. A330 kwa kawaida hukalisha wanane, kwa hiyo kila mmoja, ukimhesabia na sehemu yake ya njia mbili za kupitia, anapata sentimita 66. A350 hukalisha tisa: sentimita 62. Dreamliner nayo tisa: 61. Na 777, siku hizi, hukalisha kumi: chini ya 59. Ile iliyo nyembamba kuliko zote nne ndiyo inayompa abiria nafasi kubwa, na ile pana kuliko zote ndiyo inayombana.

Kwenye kiti chenyewe tofauti hiyo hujitokeza kama inchi moja hivi. Ndani ya A330 na A350 kiti huwa na upana wa karibu inchi 18. Ndani ya 777 yenye viti kumi kwa mstari ni karibu inchi 17, na Dreamliner haiko mbali na hapo. Inchi moja si kitu kwa safari ya Dar kwenda Mwanza. Kwa saa 14 za kutoka Dubai hadi New York, huku bega la jirani limehamia kwako tangu saa ya pili, inchi moja ni mali.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Boeing 777 ilipoanza kubeba abiria mwaka 1995, mpangilio uliozoeleka ulikuwa viti tisa kwa mstari. Dreamliner nayo, ilipokuwa bado michoro, ilinadiwa kwa mpangilio wa viti vinane. Halafu wahasibu wakakaa na kalamu zao. Chukua 777 ndefu yenye mistari thelathini hivi ya daraja la kawaida. Ukiongeza kiti kimoja kila mstari umepata abiria thelathini zaidi, na marubani ni wale wale, ada ya kutua ni ile ile, mafuta yameongezeka kidogo tu. Shirika moja likishaanza, la pili haliwezi kushindana nalo kwa bei bila kufuata. Katika Dreamliner, Japan Airlines wameshikilia viti vinane kwa mstari kwenye safari zao za kimataifa. Kwingine karibu kote ni tisa. Nasi abiria tuna mkono wetu humo. Tunapotafuta tiketi kwenye simu tunaipanga orodha kuanzia ya bei ya chini, na katika orodha hiyo inchi haionekani.

Hata jina la ndege halitoshi kukuambia kila kitu. Air Tanzania walipokea Dreamliner yao ya kwanza, aina ya 787-8, Julai 2018, ikiwa na viti 262: 22 vya daraja la biashara na 240 vya kawaida. Kenya Airways wanairusha 787-8 hiyo hiyo, yenye urefu ule ule wa mita 56.7, wakiwa wameweka viti 234: 30 vya biashara na 204 vya kawaida. Tofauti ni watu 28 ndani ya ndege zilizotoka kiwanda kimoja kwa vipimo vilevile. Sina ugomvi na uamuzi wa upande wowote, maana soko la Dar–Guangzhou si soko la Nairobi–New York. Ninachosema ni kwamba kauli ya "tunapanda Dreamliner" haijamaliza habari.

Wanaoandika kuhusu raha ya ndege hupenda sana kupima nafasi ya miguu. Wengi wao husafiri peke yao. Katika daraja la kawaida la ndege nyingi za masafa marefu, kutoka mgongo wa kiti kimoja hadi mgongo wa kiti kinachofuata ni sentimita 79 hadi 81, na mtoto wa miaka sita akikaa hapo miguu yake haigusi chochote. Kwa familia, shida iko mabegani. Mtoto aliyelala humwagikia pembeni. Mtoto anayelishwa huhitaji kiwiko cha mzazi kitoke nje ya mpaka wa kiti. Aliye mapajani hugeuka kila dakika, na kila akigeuka mguu mmoja unatua kwa jirani, ambaye amelipa nauli kamili na hakuomba mguu. Ndiyo maana mimi, nikilazimishwa kuchagua kati ya inchi moja ya upana na inchi mbili za miguu kwa mtu mwenye watoto, nitachukua upana bila kusita.

Baada ya upana, angalia mpangilio. A330 ni mbili-nne-mbili. Dreamliner na A350 ni tatu-tatu-tatu. 777 ya sasa ni tatu-nne-tatu. Baba, mama na watoto wawili wakipanda A330 wana chaguo mbili nzuri: kushika viti vinne vya katikati wakawa wote pamoja, watoto ndani na wazazi pembeni kama uzio, au kugawana wawili wawili dirishani, mistari miwili inayofuatana, bila mgeni hata mmoja kati yao. Familia hiyo hiyo ikipanda tatu-tatu-tatu, mmoja lazima avushwe njia. Si msiba, lakini huyo mmoja atakuwa baba, na baba akishavushwa njia hujifanya amelala. Watu watatu, kwa upande mwingine, hawana mahali bora kuliko Dreamliner au A350: wanashika viti vitatu vya upande mmoja, dirisha ni lao, njia ni yao. Watano wanaangukia vizuri kwenye 777, wanne katikati na mmoja ng'ambo ya njia, ingawa ubanaji wa viti wataulipia. Wenye watoto wanne na bibi, ambao kwetu si wachache, waachane na ndoto ya mstari mmoja. Wachukue vikundi viwili vya watatu, kimoja nyuma ya kingine, mtu mzima mmoja kila kikundi na wa tatu popote karibu.

Kuna jambo la usalama ambalo huvuruga mipango ya familia zenye vichanga viwili, au ndugu wawili wanaosafiri pamoja kila mmoja na mtoto wake. Juu ya kila kikundi cha viti huwa kuna barakoa za oksijeni kulingana na idadi ya viti, na kwa kawaida moja ya ziada. Moja tu. Kwa hiyo watoto wawili wa mapajani hawaruhusiwi kuwa kikundi kimoja cha viti vitatu. Mhudumu akija kuwatenganisha hana roho mbaya, anahesabu barakoa.

Mtoto aliye chini ya miaka miwili anaweza kusafiri mapajani, na katika safari za kimataifa mashirika mengi hutoza karibu asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akitimiza miaka miwili kabla ya kurudi, safari ya kurudi atahitaji kiti chake. Anayekwenda likizo ndefu kwa shangazi huko London na mtoto wa miezi 23 aliangalie hilo mapema, maana kiti kinachonunuliwa dakika za mwisho hakina huruma. Kwa vichanga kuna kitanda kidogo kinachopachikwa ukutani, mbele ya mstari unaotazamana na ukuta. Vitanda hivyo ni vichache kwa kila ndege, huombwa mapema, na vina kikomo cha uzito. Mara nyingi ni karibu kilo 10 au 11, ingawa mashirika mengine huruhusu zaidi. Mtoto wa Kiafrika aliyeshiba uji wa lishe anaweza kufika kilo hizo kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Na taa ya mikanda ikiwaka kwa sababu ya misukosuko ya hewa, mtoto hutolewa kitandani hata kama ndiyo kwanza amepitiwa na usingizi.

Huo mstari wa ukutani una sifa kubwa kuliko unavyostahili. Kwa kuwa mbele hakuna kiti, meza na skrini huwa zimefichwa ndani ya mikono ya kiti, na mikono hiyo haiinuki. Hakuna pa kusukumia mkoba wa pampasi chini ya kiti cha mbele; wakati wa kuruka na kutua lazima uwekwe juu. Mtoto akishakizidi kile kitanda, ondoka hapo. Kaa mstari wa kawaida ambao mikono ya viti inainuka, viti vitatu vinakuwa benchi, mtoto analaza kichwa kwa mama na miguu kwa baba. Air New Zealand waliliona hilo mapema wakatengeneza viti vitatu vyenye sehemu ya miguu inayonyanyuka na kuwa kitanda, wakaviita Skycouch. Mashirika yanayotuhudumia sisi mengi hayana, kwa hiyo benchi tujitengenezee wenyewe.

Anayemnunulia mtoto kiti na kutaka kumfunga kwenye kiti chake cha gari arudi kwenye ile habari ya inchi. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, inaeleza kwamba kiti cha mtoto kisichozidi upana wa inchi 16 kitaingia kwenye viti vingi vya ndege. Viti vingi vya gari vinavyouzwa madukani ni vipana kuliko hivyo. Pima kabla ya kutoka nyumbani, na ujue kwamba kwa kawaida kitatakiwa kuwekwa dirishani ili kisimzibie mtu njia ya kutokea.

Sasa hewa, ambapo Dreamliner inalipa deni lake lote. Ndege ikiwa mita 11,000 juu, hewa ya ndani haiwi sawa na ya pwani. Sheria zinaruhusu iwe nyepesi kama ya mahali penye mwinuko wa takriban mita 2,400, na ndege nyingi zenye mwili wa aluminiamu hukaribia hapo. Huo ni mwinuko wa Addis Ababa na zaidi kidogo. Mwili wa Dreamliner na A350 umetengenezwa kwa sehemu kubwa na nyuzi za kaboni, ambazo hustahimili msukumo wa hewa bila kuchoka kama aluminiamu, na kwa hiyo ndani yake hewa huwekwa kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi. Hiyo ni Nairobi. Mtu wa Tanga akilala Nairobi anaamka sawasawa; akilala Addis usiku wa kwanza anaweza kuamka na kichwa kizito. Mwaka 2007 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha majaribio yaliyofanywa kwa watu wazima 502 ndani ya chumba kilichoigiza safari ya ndege. Kwenye mwinuko wa mita 2,400 oksijeni katika damu ilishuka kwa karibu asilimia nne, na baada ya saa tatu hadi tisa watu walianza kulalamika zaidi kwamba hawajisikii vizuri. Boeing walishiriki katika utafiti huo na walikuwa na ndege ya kuuza, hilo tuliseme, lakini vipimo vya damu ni vipimo.

Nyuzi hizo hazishiki kutu, kwa hiyo hewa ya ndani inaweza kuachwa na unyevu zaidi, na pua za watoto hushukuru. Madirisha ya Dreamliner ni makubwa na hayana pazia la plastiki; kuna kitufe kinacholigeuza kioo kuwa cheusi polepole. Wahudumu wanaweza kukizima kitufe hicho kwa ndege nzima, na wakishaona mtoto wa miaka minne amekigundua, mara nyingi hufanya hivyo.

Na lile dubwana, A380? Dar au Nairobi huipandi. Unakutana nayo Dubai au Doha ukiwa unaunganisha. Ina ghorofa mbili kutoka puani hadi mkiani, na mabawa ya karibu mita 80. Emirates wana nyingi kuliko shirika lolote duniani, na uundaji wake ulikoma mwaka 2021 baada ya ndege 251. Hapa ukubwa una haki yake. Ghorofa ya chini ina upana wa mita 6.50 na watu kumi kwa mstari, yaani sentimita 65 kila mmoja, karibu sawa na A330. Kelele ni ndogo kuliko unavyotarajia, na uzito wake huifanya itulie hewani pale ambapo ndege ndogo hutikisika. Qatar Airways wana viti vichache vya daraja la kawaida nyuma ya ghorofa ya juu, vilivyopangwa mbili-nne-mbili, na anayewahi kuvishika na familia ya watu wanne amepata bahati. Kasoro yake iko chini, siyo angani: ikitua, watu kama mia tano huteremka kwa mkupuo, na wewe una mtoto aliyeamshwa, kigari cha mtoto kinachosubiriwa mlangoni, na foleni ya pasipoti ambayo mwisho wake hauonekani.

Familia nyingi za Unguja na Pemba zenye jamaa Oman hazisafiri na dubwana lolote. Njia ya Zanzibar–Maskati Oman Air wameihudumia kwa Boeing 737, na flydubai nao huja pwani yetu na 737. Ni ndege yenye upana wa mita 3.54, viti vitatu huku na vitatu kule, njia moja tu katikati. Kwa safari ya saa tano na nusu inavumilika, ila uwe na ratiba: toroli la chakula likishaingia kwenye ile njia hakuna kwenda msalani, na mtoto hajui habari za toroli. Mpeleke kabla. Tusidhani pia kwamba ndege nyembamba zitabaki kwenye safari fupi. Novemba 2024 Iberia walianza kuirusha Airbus A321XLR kuvuka Atlantiki, Madrid hadi Boston, nayo ni ya njia moja. Inaweza kwenda kilomita 8,700, na Dar hadi Amsterdam ni kama 7,300. Siku ikija huku na nauli nafuu, wenye watoto wadogo wafikirie mara mbili.

Swali lililobaki ni la kuunganisha. Kenya Airways wanakwenda Nairobi hadi New York moja kwa moja tangu Oktoba 2018, karibu kilomita 11,800, takriban saa 15 ndani ya Dreamliner. Njia ya Ghuba inagawanya safari vipande viwili, lakini mara nyingi kituo cha katikati kinaangukia saa nane au tisa za usiku, wakati ndege nyingi zinapokutana hapo. Nionavyo, watoto waliokwishaanza shule waende moja kwa moja; watalala, watatazama katuni, watafika. Wa kati ya mwaka mmoja na mitatu wanahitaji mahali pa kukimbia, hata kama ni ukumbi wa uwanja wa ndege usiku wa manane. Kichanga wa miezi minne hajali, mradi kitanda kimepatikana.

Kwa familia ya watu wanne inayokwenda Ulaya kutoka ukanda huu, nauli zikilingana, uamuzi wangu ni A330 ya mbili-nne-mbili ikiwa watoto ni wadogo na wanahitaji nafasi, na A350 au Dreamliner ikiwa kuna mzee au mtoto anayesumbuliwa na kichwa na masikio. 777 yenye viti kumi kwa mstari ije baadaye. Kumbuka kwamba shirika lina haki ya kubadilisha ndege, kwa hiyo baada ya kukata tiketi chungulia tena wiki moja kabla ya safari. Ramani ya viti ikibadilika, piga simu siku hiyo hiyo. Na safari ijayo, wakala akikwambia ndege ni kubwa, mwambie ahsante, kisha muulize: ni wangapi kwa mstari?